Galoni bila jeshi: uhakiki wa vyeo na majina ya vita kwetu

Kwenye matanga ya mzee mmoja wa mtaa wetu tuliketi nyuma kabisa, chini ya shitingi, karibu na mama waliokuwa wanapika. Protokole alishika mikrofoni akaanza kusalimia wageni wa heshima. "Tuko na Jenerali fulani hapa mbele! Tuko na Kolonele fulani! Komanda naye amefika!" Sisi tunaofundisha tuna tabia ya kuhesabu, basi tukahesabu: majenerali watatu na makolonele watano. Jenerali wa kwanza anauza mafuta ya gari. Wa pili ni mwenye baa. Wa tatu alikaa miezi kadhaa porini na kundi la vijana, akarudi na jina hilo. Askari wa kweli katika wageni wote alikuwa mmoja tu, ajida aliyestaafu, aliyeketi pembeni yetu na fimbo yake. Yeye protokole hakumtaja.

Mtu atauliza: mambo ya galoni yanatafuta nini katika kijitabu cha mila? Jibu letu ni kwamba kuita mtu jina ni mila ya kwanza kabisa. Mbele ya ngoma, mbele ya mahari, mbele ya hadithi za jioni, kuna jina. Na kwa namna watu wanavyoitana utajua wanaogopa nini, wanaheshimu nini, na wamesahau nini. Hapa tunataka kupima mazoea moja ambayo yameingia kwetu mpaka tunayaona kama ya babu zetu: mazoea ya kumvika kila mkubwa, na kila anayejitafutia ukubwa, cheo cha kijeshi.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu vyeo hivi tunavitamka bila kuuliza vilitoka wapi. Wabelgiji walituletea vyeo vya Kifaransa. Kaporali ametoka katika neno la Kiitaliano lenye maana ya kichwa: ni kichwa cha kikundi kidogo. Sajini ametoka katika Kilatini, na maana yake ni mtu anayetumika, mtumishi. Luteni ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine. Ajida ni msaidizi. Kolonele ni mkubwa wa safu ya askari wanaotembea. Jenerali ni yule anayeangalia jeshi kwa jumla. Na marshali, cheo ambacho Wakongo tulikijua sana, zamani katika lugha za Kijerumani alikuwa mtumishi wa farasi. Mpaka leo Wafaransa wanamwita fundi anayepigilia farasi viatu vya chuma kwa neno lilelile.

Mashariki yetu, upande wa Tanganyika na Uganda, maneno yalipita njia nyingine. Wajerumani walipounda jeshi lao mwaka 1889 walichukua askari wengi Wasudani kutoka Misri, na hao walikuja na vyeo vya Kituruki. Ndiyo maana askari wa Mjerumani alikuwa na ombasha na shaushi, na juu yao Mwafrika aliyepanda sana aliitwa efendi. Ombasha kwa Kituruki ni kichwa cha watu kumi. Bimbashi wa jeshi la Misri ni kichwa cha watu elfu moja. Jeshi la Waingereza nalo lilishika neno efendi. Idi Amin wa Uganda alipewa cheo hicho mwaka 1959, mbele ya kuwa luteni mwaka 1961. Kwa midomo ya askari efendi akageuka kuwa afande, neno ambalo kwa Kituruki lilikuwa tu sawa na kusema "bwana".

Tuone basi kitu kimoja katika maneno hayo yote. Kila cheo, kabla ya kuwa sifa, kilikuwa jina la kazi. Kilisema mtu anafanya nini, anamfanyia nani, ana watu wangapi nyuma yake. Ukimwita mtu ombasha, swali linafuata lenyewe: wale kumi wako wapi? Ukimwita mwenye baa jenerali, hakuna anayethubutu kuuliza jeshi liko wapi. Hapo njo ugonjwa wetu unaanzia.

Je, sisi wenyewe hatukuwa na namna yetu ya kuita wakubwa? Tulikuwa nayo, na ilikuwa kali. Stanley alipokuwa anapasua mawe kwa kutengeneza barabara ya Vivi kwenda Isangila, karibu mwaka 1880, watu wa kule Kongo ya chini walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Jina likamtoka yeye likahamia kwa serikali yote. Mpaka wazee wetu walipoona mtu wa kodi anakuja, walisema Bulamatari amefika. Stanley alilipenda jina hilo, alidhani ni sifa ya nguvu zake. Watu walioishi chini ya serikali ile walisikia kitu kingine ndani yake: kinachoweza kuvunja mawe kitashindwa na mifupa ya mtu?

Tippu Tip naye, yule Hamed bin Muhammed ambaye Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, alikuwa na jina la watu. Mwenyewe alieleza kwamba ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni juu ya macho yake yaliyokuwa yanapepesa. Maelezo haya mawili yanafundisha. Mwenye jina anachagua bunduki. Waliomwita huenda waliangalia tu kope zake.

Mwanahistoria Mkongo Osumaka Likaka ameandika kitabu kizima juu ya majina ambayo watu wetu waliwapa wazungu wa wakati wa ukoloni, Naming Colonialism, kilichotoka mwaka 2009. Anaonyesha kwamba kijiji kilichokosa bunduki na kura kilikuwa bado na ulimi, na kwa ulimi kilihukumu. Jina la utani la mzungu lilikuwa ushahidi. Lilisema huyu anapiga, huyu ana choyo, huyu ana haraka. Kitabu hicho kinafunika miaka kati ya 1870 na 1960, na kinasimama hapo. Swali letu linaanza hapo kinaposimama: baada ya uhuru, ile haki ya kuwapa wakubwa majina ilienda wapi?

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Katika Force Publique, tangu miaka ya 1880 mpaka siku ya uhuru, Mwafrika hakuwa afisa. Wababa zetu walipigana mpaka Tabora mwaka 1916. Walipigana mpaka Saio, kule Ethiopia, mwaka 1941, na mpaka leo kambi ya Bukavu inaitwa Saio kwa ajili ya ushindi wao. Walirudi na medali, lakini galoni za afisa hawakupewa. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipata uhuru na jeshi ambalo Mkongo wa juu kabisa alikuwa bado chini ya luteni wa mwisho wa kizungu. Jenerali Janssens aliandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Askari waliasi siku zilezile. Lumumba akaongeza kila askari cheo kimoja. Victor Lundula, aliyetumika kama askari wa cheo cha chini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akawa jenerali-majoro. Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa ametoka jeshini mwaka 1956 na galoni za sajini, akawa kolonele.

Hatucheki watu hao. Mlango uliofungwa miaka zaidi ya sabini, ukifunguliwa kwa wiki moja, watu wataingia wakisukumana. Kosa la kwanza ni la yule aliyeufunga. Lakini toka siku zile tulijifunza jambo baya: cheo kinaweza kushuka kama mvua, bila shule, bila miaka, bila watu kumi nyuma yako. Na aliyejifunza somo hilo kuliko wote ni yule kolonele mpya. Alipochukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965 alikuwa luteni-jenerali. Mwaka 1972 alijipa jina refu la Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Mwaka 1982 akawa marshali. Katikati, mwaka 1977 na 1978, jeshi lake liliokolewa kule Shaba, mara ya kwanza na Wamoroko, mara ya pili na Wafaransa na Wabelgiji. Marshali asiyekuwa na farasi wa kuchunga alikuwa na nchi nzima, na kila mtoto wa masomo alipaswa kujua jina lake lote.

Hapo ndipo mambo yaligeuka juu chini. Zamani za Bula Matari mkubwa alikuja na kiboko, watu wakampa jina. Sasa mkubwa anakuja na jina tayari, na kazi ya watu ni kulirudilia. Haki ya kuita iliyobaki kwa mnyonge hata wakati wa ukoloni, mkubwa wetu mwenyewe aliichukua. Ni kweli watu waliendelea kunong'ona. Askari waliopita usiku wakati wa mwisho wa Mobutu waliitwa bundi. Lakini bundi lilisemwa gizani, na Papa Marshali mchana, kwa ngoma.

Mwishoni mwa Oktoba 1996 sisi tulikuwa kwenye masomo ya sekondari wakati vita ya AFDL ilipofika Bukavu. Kwa siku chache tu msamiati wa mitaani ulibadilika. "Chef" na "mukubwa" tulivyozoea kwa askari wa Mobutu vikaondoka, akaingia Afande. Neno lilikuwa limefanya safari ndefu: Uturuki, Misri, Sudani, Uganda, Rwanda, halafu barieri ya mtaa wetu. Wakubwa wa jeshi lile hawakuonyesha galoni. Aliyekuwa juu na aliyekuwa chini kidogo wote waliitwa Komanda, na jina moja nyuma yake: mkuu wa jeshi mwenyewe tulimjua kwa jina la Komanda James. Katika utaratibu wa jeshi letu komanda si cheo. Baada ya kapiteni anakuja majoro, na komanda ni kazi tu: huyu anaongoza kambi hii, huyu batayo ile. Cheo kina mwisho, kina karatasi, kina mtu aliyetia sahihi. Komanda hana kitu hicho. Kwa hiyo neno likawa zuri sana kwa kila mwenye bunduki, na lilipoingia mitaani halikutoka tena.

Neno lingine la mwaka ule linatuuma zaidi: kadogo. Msomaji alitamke polepole. Ni neno la mapenzi. Mama analisema kwa kitinda mimba wake, na kaka analisema kwa mdogo wake anayemfuata shambani. Mwaka 1996 likawa jina la mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye bunduki inayomzidi kimo. Tuliimba kadogo, tulipiga makofi kwa kadogo, wauza mandazi waliwapa bure. Kama tungewaita jina la kazi yao kamili, watoto waliotolewa kwa mama zao ili waue na wauawe, mkono ungekuwa mzito kupiga makofi. Jina tamu lilitusaidia kutoona. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuingiza jeshini watoto chini ya miaka kumi na mitano. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo, na ilikuwa juu ya wale ambao sisi tulikuwa tumewaita kadogo. Hapa utani wa watu, ule ambao Likaka anausifu kama silaha ya mnyonge, ulikuwa shuka la kufunikia uovu. Hapo njo tunatengana kidogo na wale wanaodhani kwamba kila jina lililotoka kwa watu ni jina la ukweli. Watu nao wanadanganyika, na wanapenda kudanganyika.

Baada ya mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, jeshi moja lilipaswa kuundwa na majeshi mengi. Kila kundi lilileta wakubwa wake, na kila mkubwa alileta cheo alichojipa mwenyewe msituni. Aliyeshuka mlimani kama kapiteni alijuta. Mwenzake aliyejiita jenerali alikuwa na la kuzungumza mezani. Vijana wa vilima walisoma somo hilo kwa akili sana: ukitaka Leta ikupe galoni, anza kujipa mwenyewe, halafu tafuta watu wa kuogopesha. Toka hapo majenerali hawakukoma. Na tangu vita ya M23 iliporudi mwishoni mwa 2021, hata jina zuri la mzalendo, mtu wa nchi, limeanza kuvaliwa kama galoni, na ndani ya Wazalendo mna majenerali wa kila kilima.

Pamoja na vyeo yalikuja majina ya vita. Germain Katanga wa Ituri aliitwa Simba. Bosco Ntaganda aliitwa Terminator, jina la filamu ya Marekani. Simba kwetu si jina jipya. Waasi wa mwaka 1964 waliingia Kisangani wakijiita hivyo, na jenerali wao Olenga akiwa mbele. Lakini tuangalie mwisho wa majina haya. Kule La Haye hakuna aliyehukumiwa kwa jina la Simba. Ni Germain Katanga, mwaka 2014, miaka kumi na miwili. Na Terminator hakupata miaka thelathini. Aliyeipata, Novemba 2019, ni Bosco Ntaganda. Hapa kwetu pia, mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kinshasa ilimfunga Jenerali Jérôme Kakwavu miaka kumi, kwa makosa ambayo ubakaji ulikuwa ndani yake. Kazi ya tribinali, kabla ya adhabu, ni kumrudisha mtu katika jina lake. Matendo yana mwenyewe, na mwenyewe anaitwa kwa jina alilopewa na baba na mama.

Sasa msomaji atasema: basi tatizo ni vyeo, tuvifute. Hapana. Wazee wetu walipenda vyeo, na walijua kuvitunza. Tutoe mfano wa Bwami ya Balega, kule Pangi, Shabunda na Mwenga, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga vita kwa sababu hiyohiyo ya nguvu yake. Mle mna ngazi, kutoka kongabulumbu, kupanda ngandu, kufika yananio, mpaka kindi juu kabisa. Hakuna anayeamka asubuhi akasema mimi ni kindi. Lazima ndugu zake wamchangie, lazima walio mbele yake wamkubali, lazima mwenendo wake uchunguzwe, lazima ajifunze methali na vitu vinavyoendana nazo. Mwenye hasira na mwenye ugomvi wanamrudisha chini. Na mwanaume hapandi peke yake. Mke wa kindi naye anapewa cheo chake, kanyamwa, na heshima yake ni kubwa. Alama za vyeo, ile maski ndogo ya mti ya yananio na sanamu ya pembe ya ndovu ya kindi, hazikununuliwa sokoni. Mwenye cheo akifa, kitu kinabaki kwa jamaa na kwa Bwami kingoje mwingine anayestahili. Cheo kilikuwa cha jamii, mtu alikishika tu kwa muda.

Tulinganishe na yule jenerali wa matanga. Nani alimkubali? Nani alichunguza mwenendo wake? Atamwachia nani? Kwa hiyo tunakataa maneno ya wale wanaosema kwamba kuwaita wakubwa Jenerali ni kuendeleza heshima ya Kiafrika. Ni kinyume. Heshima ya Kiafrika ilikuwa na mashahidi. Hii ya leo ni kilemba cha ukoka, na ukoka ukikauka unaanguka wenyewe.

Tunajua kwamba kusema ni rahisi, na sisi wenyewe tuna dhambi katika jambo hili. Mwaka 2006, mwaka wetu wa kwanza wa kufundisha baada ya kutoka ISP, darasani mwetu aliletwa kijana aliyekuwa ametolewa jeshini na wale wanaoshughulika na watoto wa vita. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, anakaa nyuma, hazungumzi. Wanafunzi walimwita Komanda. Tulisikia, tukacheka. Halafu tukaona kwamba jina lile lina faida. Darasa lilikuwa na wanafunzi sitini na zaidi, na tulikuwa bado hatujui kulishika. Tukaanza kusema, "Komanda, nyamazisha hao." Wakanyamaza. Tukasema, "Komanda, panga mstari." Mstari ukapangwa. Tulijiona waalimu hodari.

Siku moja mtoto mmoja alichelewa kuingia mstari. Komanda alimpiga namna ambavyo mwanafunzi hampigi mwenzake. Alimpiga kwa utulivu, bila hasira, kama mtu anayefanya kazi aliyofundishwa. Mtoto alipelekwa dispansari. Mkubwa wa shule alitaka kumfukuza yule kijana palepale, na sisi tulinyamaza, kwa sababu tulijua nani alikuwa amempa ile kazi.

Kesho yake mama yake alikuja. Hakulia, hakupiga magoti. Alisimama kwenye mlango wa biro akatuambia hivi: "Mwalimu, jina yake ni mimi nilimupatiaka. Kule pori balimunyanganya ile jina, bakamupa ya vita. Nilimuleta huku mu masomo juu amurudishiye yake. Sasa na ninyi munamuita ya bale. Atarudia nyumbani namna gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwa mkubwa wa shule tukasema kosa letu, na kijana alibaki. Toka siku ile tulimwita kwa jina lake la daftari. Wiki ya kwanza hakuitika. Tulikuwa tunasoma jina, kimya, tunaandika "yupo". Wiki ya pili alinyanyua kidole bila kusema. Ilichukua muda mrefu mpaka kusikia sauti yake. Wenzake nao waliacha lile la vita, wengine kwa kusukumwa. Hakumaliza sekondari, alikwenda kujifunza kazi ya kujenga nyumba. Tukikutana leo anatusalimia vizuri, na watoto wake wanamwita papa.

Kwa hiyo tunapoandika juu ya majina hatuandiki juu ya adabu tu. Jina unalompa mtu ni kazi unayomwagiza. Ukimwita Komanda, ataamuru. Ukimwita Simba, usishangae akitafuta nyama.

Kuna wanaotupinga, na wana haki yao. Wanasema, "Mwalimu, usiku kwenye barieri, mwenye bunduki akitaka umwite Jenerali, utamfundisha Kilatini?" Hapana. Tutamwita Jenerali, tutatoa tunachotoa, tutapita. Ulimi ulioshikiwa bunduki hauna hatia. Lakini kwenye matanga yale hakuna aliyetushikia bunduki. Kwenye harusi protokole haogopi kufa, anangoja bahasha. Kwenye redio ya mtaa mtangazaji anamwita mtu Jenerali kwa sababu juzi alimnunulia bia. Woga tunausamehe. Tunachokataa ni ile kodi tunayolipa kwa ulimi bila mtu kutudai.

Shabaha yetu ni ndogo, na kila mmoja anaweza kuianza bila kungoja Leta. Kwenye sherehe zetu tumwite mtu kwa kazi yake ya kweli: fundi, mkulima, mwalimu, muuza mafuta. Hakuna aibu hapo, na hata sajini, tumeona, ni mtumishi. Mwenye galoni za sheria tumwite kwa cheo chake kamili, wala tusikiongeze. Mtoto, hata akishika nini mkononi, aitwe jina lake. Na jina la utani libaki mikononi mwa watu, kama lilivyokuwa: mtu asijipe, apewe, na walio wengi wakubali kwamba linamfaa.

Ile siku ya matanga, watu walipoanza kutawanyika, tulimsindikiza yule mzee ajida mpaka barabarani. Tulimuuliza kama hakuudhika kwa kutotajwa. Alisimama kidogo, akaegemea fimbo. "Ajida ni msaidizi, si vile?" akasema. "Nilikuwa nimekuja kusaidia kuzika." Akaenda zake. Kaburi, tulikumbuka baadaye, asubuhi ile alikuwa amelichimba pamoja na vijana. Majenerali walikuja wakati wa chakula.